Ameze au Ateme? Neva za Konokono wa Baharini na Ulaji Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanafunzi, walimu wenzangu wa baiolojia na wasomaji wanaotaka tu kujua. Mnyama anayezungumziwa zaidi ni *Aplysia californica*, konokono wa baharini anayeishi pwani ya California na kaskazini-magharibi mwa Meksiko. Kila jibu linajitegemea. Jambo likiwa limeelezwa kwa urefu mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Kumjua mnyama mwenyewe

Aplysia ni mnyama gani hasa?

Ni konokono asiyebeba nyumba mgongoni. Kombe analo, ila limebaki kigae chembamba kilichofichwa ndani ya nyama. Kichwani ana jozi mbili za pembe laini, na zile za nyuma husimama kama masikio. Ndiyo sababu tangu enzi za Warumi anaitwa sungura wa baharini. Aliyekomaa vizuri anaweza kupita kilo moja. Umri wake ni kama mwaka mmoja tu, na sehemu kubwa ya mwaka huo huumalizia kwenye kula mwani na kutaga mayai.

Chakula chake kikuu ni mwani mwekundu. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani kule Unguja nao ni wa kundi hilo la mwani mwekundu, ingawa *Aplysia californica* hafiki Bahari ya Hindi. Sisi tuna jamaa yake, *Dolabella auricularia*. Maji yakipwa unaweza kumkuta kwenye majani ya bahari: donge la rangi ya matope, nyuma yake bapa kama amekatwa kwa kisu. Ukimsumbua hutoa wino wa zambarau.

Ana ubongo?

Hana ubongo mmoja uliokusanyika kama wetu. Ana mafundo ya neva yaliyounganishwa kwa nyuzi: ya kichwani na ya pembeni yaliyozunguka umio, ya mguuni, ya tumboni, na mawili madogo yaliyokaa kwenye kinywa chenyewe. Kwa habari ya kula, mafundo ya kichwani na ya kinywani ndiyo yenye neno kubwa.

Kwa nini achaguliwe konokono, asichaguliwe panya?

Kwanza ni hesabu. Binadamu ana seli za neva bilioni 86 hivi. Aplysia ana takriban 20,000. Pili ni ukubwa: seli inayoitwa R2, iliyo katika fundo la tumboni, hukaribia upana wa milimita moja, kwa hiyo unaiona hata kwa macho matupu. Nyingine nyingi zinaonekana wazi chini ya darubini ya kawaida, zina rangi ya chungwa, zimejipanga kama punje kwenye gunzi la hindi.

Sababu ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi kwangu. Seli ileile hukaa karibu mahali palepale katika kila mnyama, na hufanya kazi ileile. Kwa hiyo seli zimepewa majina. Mtafiti wa Houston akitaja B51 na mwenzake wa Israeli akataja B51, wanazungumza juu ya seli moja. Kwa panya huwezi kumwambia mtu, "Nenda kwenye seli ile ya tatu kushoto."

Si huyu ndiye konokono wa Kandel na Tuzo ya Nobel?

Ndiye. Eric Kandel alianza kumchunguza mwaka 1962 akiwa Paris na Ladislav Tauc, na mwaka 2000 alipewa Nobel pamoja na Arvid Carlsson na Paul Greengard. Lakini kazi yake maarufu ilihusu jinsi mnyama anavyorudisha ndani shavu lake la kupumulia akiguswa. Kula ni hadithi nyingine. Aliyeifungua ni Irving Kupfermann, mwaka 1974, alipoonyesha kwamba konokono huyu anaweza kutufundisha hamu ni kitu gani, maana akiwekewa mwani uleule leo ataukimbilia na kesho atauacha.

## Tendo la kula

Anakula vipi? Nieleze kama naona.

Mweke mwenye njaa kwenye beseni la maji ya bahari. Ametulia, amejikunja. Chukua ukanda wa mwani mkavu, ule unaofungia sushi (maabara nyingi huutumia), umguse nao kwenye pembe za mbele. Kwanza hakuna kitu. Halafu kichwa kinainuka taratibu, sehemu ya nyuma ya mguu imeshikilia chini, shingo inarefuka na kuyumba kushoto na kulia. Mwani ukigusa midomo, kinywa kinafunguka na kitu cha waridi kinajitokeza na kurudi.

Kile cha waridi ni donge la msuli lililofunikwa na radula, yaani ukanda wenye safu nyingi za vijino vilivyopinda kuelekea ndani. Radula ina nusu mbili zinazofumba na kufumbua kama viganja. Ikitoka na kurudi mikono mitupu, hilo ni umo tu (yaani tendo moja la kuuma), na baada ya sekunde chache litafuata jingine. Ikishika, kuuma kunageuka kumeza: vuta, achia, songa mbele, shika tena, vuta. Ukanda mrefu huingia kidogo kidogo, kama kitambaa kinavyosogezwa chini ya sindano ya cherehani.

Kupfermann aliigawa kazi hii sehemu mbili: kutafuta (kuinua kichwa, kuyumba, kujielekeza) na kula kwenyewe. Mgawanyo huo bado unatumika.

Kuuma, kumeza na kutema vinatofautianaje?

Swali hili ndilo moyo wa ukurasa wote, kwa hiyo naomba utumie mkono wako.

Nyosha mkono mbele ukiwa umefumbua kiganja, ukifika mwisho fumba, kisha rudisha mkono kifuani ukiwa umefumba. Umemeza. Sasa geuza: anza na kiganja kilichofumbwa kifuani, nyosha mkono mbele ukiwa bado umefumba, ukifika mwisho fumbua, kisha rudi mtupu. Umetema. Mkono umekwenda mbele na kurudi nyuma mara zote mbili, kwa misuli ileile. Kilichobadilika ni *wakati* wa kufumba.

Ndivyo ilivyo kwa Aplysia. Radula husukumwa mbele kisha huvutwa nyuma, iwe anakula au anatoa. Ikifumba wakati wa kurudi, chakula kinaingia. Ikifumba wakati wa kwenda, kitu kinasukumwa nje. Kuuma ni mpangilio wa kumeza ambao haukukuta kitu cha kushika. Uamuzi mzima wa "hiki nakitaka, hiki sikitaki" umekaa kwenye kuwahisha au kuchelewesha mfumbo mmoja. Nimelifundisha jambo hili miaka mingi na bado linanishangaza.

Misuli inayohusika ni ipi?

Imepewa herufi I na namba. I2 husukuma radula mbele, I3 huirudisha nyuma, I4 huifumba, I5 husaidia kuifumba, na I7 huifumbua. Kila msuli una seli zake: B61 na B62, pamoja na B31 na B32, huamuru I2; B8 huamuru I4; B48 huamuru I7; B15 na B16 huamuru I5. Herufi B ni ya mafundo ya kinywani. Usizikariri. Ikumbuke B8, kwa kuwa ndiyo seli ya mfumbo.

## Nani anamwamuru nani

Mdundo wa kula unatoka wapi?

Unatoka kwenye mafundo ya kinywani yenyewe. Ukiyatoa na kuyaweka kwenye sahani yenye maji ya chumvi yaliyotengenezwa kulingana na damu yake, kwa saa nyingi bado yataweza kutoa mawimbi ya umeme yenye mpangilio wa kwenda mbele na kurudi nyuma, ingawa hakuna kinywa wala mwani.

Kwa ufupi, B63 na B31/B32 huamshana. Zimeunganishwa kiasi kwamba moja ikipanda inazivuta nyingine, na zikishapanda hubaki juu kwa muda badala ya kupiga mpigo mmoja na kunyamaza. Hapo radula inakwenda mbele. Kisha B64 inaingia: inazizima zile za mbele na kufungua awamu ya kurudi. Ikinyamaza, mzunguko uko tayari kuanza upya. Ni zamu, na kila zamu inakatwa na ile inayoifuata.

Na nani anaanzisha?

Habari za mwani kugusa midomo hufika kwenye fundo la kichwani, na kutoka huko seli fulani hupeleka nyuzi zake kinywani. Mwaka 1991 kundi la Kupfermann na Klaudiusz Weiss lilizieleza moja baada ya nyingine na kuziita CBI, kifupi cha Kiingereza cha seli zinazounganisha fundo la kichwani na ya kinywani. Maarufu ni CBI-2: ukiisisimua kwa elektrodi (ncha nyembamba ya kupitishia umeme), kinywa kinaanza mdundo wa kuuma.

Je, hiyo ni "seli ya amri"? Kupfermann na Weiss walikuwa wameshaweka masharti makali mwaka 1978: seli iitwe ya amri ikiwa kuisisimua kunatosha kuleta tendo *na* kuiondoa kunalizuia tendo. Naona walifanya vyema kuwa wagumu. Kwa ulaji wa Aplysia, amri imegawanywa kwa seli kadhaa, na mafundo ya kinywani nayo yana usemi. Inafanana zaidi na baraza kuliko mfalme.

Ni seli gani zinazoamua ameze au ateme?

Rudi kwenye B8, seli ya mfumbo. Zipo seli zinazoisukuma ipige mapema na zipo zinazoizuia isipige mapema.

B20 hupiga wakati wa kwenda mbele na kuiamsha B8 hapohapo. Matokeo yake radula inafumba ikiwa inatoka, na huko ni kutema. B40 hufanya kinyume: huinyamazisha B8 wakati wa kwenda, kisha huichochea wakati wa kurudi, na huko ni kumeza. Juu yao kuna CBI-3, ambayo inaikandamiza B20. Jian Jing na Weiss walionyesha mwaka 2001 kwamba mdundo wa kutema ukiendelea, kuisisimua CBI-3 kunaweza kuugeuza uwe wa kumeza. B51 nayo hupiga kwa nguvu wakati wa kurudi katika mizunguko ya kumeza. Habari zake zinaendelea kwenye swali la thawabu.

Nimesikia kuna seli kubwa inayotoa serotonini, mojawapo ya kemikali za neva. Inafanya nini?

Ni jozi ya seli kubwa katika fundo la kichwani, na kifupi chake ni MCC. Peke yake haiwezi kumfanya mnyama ale. Kazi yake ni kutia nguvu: serotonini yake huchochea mtandao wa kinywani, na kwenye msuli hufanya mkazo uwe mkubwa zaidi.

Angalia mnyama aliyewekewa chakula kwa mara ya kwanza. Umo la kwanza linachelewa na ni dhaifu. La pili linawahi kidogo. La tano lina kasi na nguvu. Mapigo ya moyo nayo yanapanda. Hali hii ya kuchangamka ndiyo MCC inayoichangia. Mwaka 1983 watafiti waliziharibu seli hizo mbili kwa wanyama hai. Waliendelea kula, ila kasi ya kuuma ilipungua.

Seli moja hutoa kemikali moja tu?

Hapana. B15 na B16 zote hutoa asetilikolini, kemikali ya neva ambayo huukaza msuli. Lakini B15 huongeza peptidi (minyororo mifupi ya asidi amino) ziitwazo SCP, na B16 huongeza peptidi nyingine, myomodulini. SCP zinafanya mambo mawili yanayoonekana kupingana: zinakuza mkazo na pia zinaharakisha kulegea. Zinaeleweka ukifikiria mdundo. Mnyama akianza kuuma haraka haraka, msuli wa kufumba usiolegea mapema utakuwa bado umekaza wakati wa kufumbua umefika.

## Njaa na shibe

Anajuaje kwamba ameshiba?

Kwa kujaa, zaidi ya kwa lishe. Abraham Susswein na Kupfermann walionyesha mwaka 1975 kwamba ukiijaza sehemu ya mbele ya tumbo kwa kitu kisicho na lishe, mnyama huacha kula kama aliyekula mwani. Neva zinazohisi kutanuka kwa tumbo ndizo zinazopeleka habari. Kadiri anavyojaa, maumo yanachelewa na kupungua nguvu, kisha anaacha kuitikia.

Hula mchana au usiku?

*Aplysia californica* ni wa mchana. Jamaa yake *Aplysia fasciata* ni wa usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba somo la chakula kisicholika (swali linalofuata) hushika vizuri kwa kila mmoja katika saa zake za kuwa macho. Mwalimu yeyote aliyefundisha kipindi cha saa nane mchana atalielewa.

## Kujifunza

Anaweza kujifunza kwamba chakula fulani hakiliki?

Anaweza. Susswein na wenzake waliufunga mwani ndani ya wavu wa plastiki. Mnyama anaonja, anauma, anaingiza kinywani, anajaribu kumeza, wavu unakwama. Anatema. Kwa kuwa ladha bado ipo, anauma tena. Haya yanarudiwa mpaka vipindi vya mwani kukaa kinywani vinafupika, na mwisho anaacha kabisa kuuitikia. Kesho yake, ukimletea mwani uleule, anaacha mapema zaidi. Mwani wa aina nyingine anaula bila wasiwasi.

Kinachohitajika ni vitu vitatu kwa pamoja: chakula kiguse midomo, kiingie kinywani, na juhudi ya kumeza ishindikane. Kumbukumbu hii inahitaji naitriki oksaidi, gesi ambayo seli hutumia kupelekeana habari, wakati wa mafunzo. Ukizuia utengenezaji wake, somo halibaki.

Na thawabu je? Anaweza kuzoezwa kuuma zaidi?

Ndiyo, na hapa ndipo seli moja ilipoonyesha somo zima. Habari ya kwamba chakula kimeingia vizuri hupitia neva ya umio, na kemikali yake kuu ni dopamini. Mwaka 2002 Björn Brembs na maabara ya John Byrne, Houston, walifunga elektrodi kwenye neva hiyo kwa wanyama wanaotembea huru. Kundi moja lilisisimuliwa kila lilipouma. Kundi jingine lilipata msisimko wa kiasi hichohicho usiofungamana na kuuma. Kundi la kwanza liliuma zaidi baadaye.

Kisha wakatazama B51. Kwa wanyama waliozoezwa, ilikuwa rahisi zaidi kuamka. Wakaitoa B51 ikawa peke yake sahanini, wakaipa tone la dopamini kila ilipofanywa ipige, nayo ikabadilika vilevile. Mwaka 2006 maabara hiyohiyo ikaonyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: mnyama akijifunza kwa njia ya kuunganisha dalili na chakula, B51 huwa *ngumu* zaidi kuamka, ingawa maumo yanaongezeka. Tabia inayofanana kwa nje inaweza kuwa imepita njia tofauti ndani.

## Hali za pembeni

Mafundo yaliyo sahanini "yanakula" kweli?

Yanatoa mpangilio wa kula bila kula. Hayapati habari za kinywa: kama kuna kitu kimeshikwa, kama kinavuta. Ndiyo maana sehemu ya mizunguko yake si ya kumeza wala ya kutema, mfumbo ukiangukia katikati. Ukisoma matokeo ya sahanini, uliza daima kama yamelinganishwa na ya mnyama mzima.

Inawezekana akaletewa kitu cha kutema akaendelea kumeza?

Kwa muda, ndiyo. Alex Proekt na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba mtandao hubaki na hali ya mizunguko iliyotangulia. Ukiuchochea mara nyingi kwa njia ya kumeza, kisha ukabadili kichocheo kiwe cha kutema, mizunguko ya kwanza bado inaegemea kumeza. Aliyezama kwenye kula hageuki papo hapo.

Konokono wengine wa baharini wana mtambo huohuo?

Msingi unafanana, maisha yanatofautiana. *Pleurobranchaea californica* anakula nyama, na hata wenzake huwala. Akiwa anataga mayai, hamu yake ya kula huzimwa, jambo linalomwepusha kula mayai yake mwenyewe. *Clione limacina* wa bahari za baridi huogelea akiwinda konokono mdogo wa jenasi *Limacina*, na akimgusa tu hutoa mikono sita kutoka kichwani kumkamata. Kwake kula na kuogelea lazima vipangwe pamoja, kazi ambayo Aplysia mtambaaji hanayo.

Wino wake una uhusiano wowote na kula?

Una uhusiano na kula kwa *adui*. Rangi ya wino hutokana na mwani mwekundu aliokula. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba wino na ute wake vina asidi amino nyingi kiasi kwamba kamba-mti anayemshambulia huziona kama chakula: anauachia mwili wa konokono na kuanza kulishika wingu. Neva za ulaji za adui zimeelekezwa pengine.

Huumizwa maabarani?

Kabla ya kupasuliwa hudungwa myeyusho wa kloridi ya magnesi, ambao huzima mawasiliano ya neva na misuli mpaka analegea kabisa. Wengi hufugwa kwa ajili hiyo, hasa Chuo Kikuu cha Miami, badala ya kutolewa baharini.

Mwani ukiwa umeng'ang'ania mwambani, anafanyaje?

Ni hali yake ya kila siku, kwani mwani wa baharini haujikatii vipande wenyewe. Hillel Chiel na maabara yake ya Case Western Reserve, Cleveland, wamekaa na swali hili kwa miongo kadhaa. Ukanda ukivuta kwa upande wa pili, awamu ya kurudi inarefuka, radula inabaki imefumba kwa muda zaidi, na seli za ziada zinaitwa kazini kuongeza nguvu ya I3. Mzunguko unaopita haraka kwa mwani mlegevu unakuwa mzito na mrefu. Anavuta, anashikilia, anavuta tena. Ama mwani unakatika, ama radula inafumbuka na anahamia tawi la jirani.